Serikali Inadaiwa Miguu

Muzee alikuwa akitazama miguu ya mtu kabla ya uso wake. Ungeingia karakana umejifunga kitenge kipya, nywele umesuka jana, naye angeinama kidogo akague visigino vyako, ndipo akusalimie. Siku ya kwanza nilipokwenda kuomba kazi ya kuandika barua na kutunza daftari, hakuuliza diploma. Alitazama viatu vyangu akasema, "Mama, kiatu yako ya kushoto inakulika upande moya. Kiuno haikuumaka?" Kiuno kilikuwa kikiniuma tangu nilipojifungua mtoto wa pili, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Nikaajiriwa hivyo, kwa kisigino.

Nilifanya naye kazi miaka tisa. Alikozaliwa na katika ukoo gani sikujua vizuri, wala yeye hakupenda kuulizwa. Katika mji wetu swali hilo limewaponza watu wengi. Sote tulimwita Muzee, na watu wa mtaa walimwita Muzee wa Miguu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwatengenezea miguu watu waliokatwa miguu na vita.

Karakana yetu ilikuwa mtaa wa Murara, nyumba ya mbao iliyokaa juu ya mawe meusi ya volkano. Shirika lenyewe lilikuwa dogo: yeye, mafundi wawili, mama mmoja wa kuchanganya plasta, na mimi. Mtu akija, Muzee alimkalisha kwenye benchi, akamvingirisha plasta kwenye kigutu, akaingoja ikauke huku akimpigisha soga za bei ya maharagi. Kutoka kwenye plasta ile alitoa umbo, kutoka kwenye umbo alitengeneza kikombe cha plastiki cha kuingiza kigutu, kisha bomba, na chini ya bomba akafunga wayo wa mpira. Kila kitu aliweza kukitengeneza mwenyewe isipokuwa wayo. Nyayo zilitoka ng'ambo ndani ya makatoni, kila mmoja na namba yake imegongwa chini. Karatasi zilizokuja nazo zilisema wayo mmoja hudumu miaka. Walioziandika hawajawahi kutembea Murara. Mawe yale yalikuwa yakila mpira, na Muzee akiona mtu amerudi na wayo uliotoboka alimgombeza kana kwamba ameutafuna yeye.

Aligomba sana, sitamsingizia upole. Fundi akikata bomba likazidi kidole kimoja alipiga kelele mpaka jirani wakatoka nje. Baada ya nusu saa ungemwona anarudi amebeba sambaza, vile vidagaa vya ziwani, za kukaanga kwenye gazeti, anaziweka mezani, na huo ndio ulikuwa msamaha. Mtu aliyefundisha nusu ya mji kutembea, yeye mwenyewe alichukia kutembea. Alipanda moto, yaani pikipiki ya kukodi, hata kwenda kununua misumari njia panda, umbali ambao ungetupa jiwe likafika. Nilimtania kwamba tutamkata na yeye mguu mmoja ili apate bidii. Akanijibu kwamba miguu yake miwili alikuwa anaitunza kwa ajili ya serikali.

Hapo lazima nieleze habari ya serikali. Shirika letu lilikuwa na mkataba. Sisi tungetengeneza miguu bila kumtoza mgonjwa, tungeandika jina lake na namba ya wayo aliopewa, tungempiga picha akiwa amesimama, na serikali ingeturudishia gharama ndani ya miezi mitatu. Mkataba ulikuwa na mihuri mitano. Nilipouona mara ya kwanza niliona tumefika. Malipo ya kwanza yalikuja baada ya mwaka na nusu. Ya pili yalichelewa zaidi. Na hakuna aliyesema hatulipwi. Kila mara tuliambiwa dosie, yaani faili letu, iko njiani, dosie imepanda Kinshasa, dosie iko juu ya meza ya mkubwa, mkubwa amesafiri.

Mtu mzima anaweza kungoja. Mtoto ana tabia moja mbaya: anakua. Mguu wa mtoto unakuwa mfupi ndani ya mwaka, na serikali ilikuwa ikilipa mguu ambao mtoto amekwisha kuuacha. Muzee alilielewa jambo hili kuliko wote waliotia saini mkataba ule, na lilimkera kuliko deni lenyewe. Nilipoandika barua kwamba tunaidai serikali kiasi fulani cha pesa, alinirudishia. "Futa. Andika kama banadaiwa miguu makumi ine na moya. Franga banaweza kusahabu. Muguu ya mutu, atasahabu namna gani?" Basi nikawa naandika hivyo, serikali inadaiwa miguu, na karani wa mkoa aliyezipokea barua zangu alinipigia simu kuniuliza kama ni mzaha.

Kila Jumanne alivaa koti la kijivu, akapanda moto mpaka Himbi, kwenye biro, ile ofisi ya mkoa iliyotutazamia dosie. Alibeba mfuko wa sandarusi. Siku moja nilimsindikiza ndipo nikajua kulikuwa na nini ndani. Tulipoingia kwa mkubwa, Muzee alisalimia vizuri, akakaa, akatoa mguu wa mtoto, wenye soksi na kiatu, akausimamisha mezani kando ya kikombe cha chai.

"Papa, ondosha ile kitu," mkubwa alisema.

"Haiko yangu, mukubwa. Iko yenu. Mulishakaka kuikubali, hamuyalipa bado."

Mkubwa alicheka, na sisi tukacheka, maana ukicheka na mkubwa unadhani umepiga hatua. Tulitoka na jibu lile lile: dosie iko Kinshasa. Njiani kurudi Muzee alikuwa ameupakata mguu ule mapajani.

Sasa kuhusu uongo wake. Kwa mdomo Muzee alikuwa mwongo hodari. Aliwaambia watoto mguu hauumi, na siku ya kwanza unauma sana. Alimwambia muuza mabomba kwamba atamlipa Ijumaa, bila kusema Ijumaa ipi. Aliuza nusu ya kiwanja chake cha Katoyi ili tununue plastiki, na mke wake alijua siku mnunuzi alipofika na mawe ya kujengea ukuta. Mama yule alinisimulia huku anapepeta mchele. "Bwana yangu ako na bibi ingine, anaitwa Serikali. Anamupelekea kila kitu ya nyumba, na yule bibi harudishaka hata sahani." Lakini kwenye daftari Muzee hakuandika neno la uongo hata moja. Alisema mdomo ni wake na daftari ni la wagonjwa. Nilikuwa naona ni ukaidi wa kizee. Sasa sijui naona nini.

Nimezunguka sana ili nisifike kwa Solange.

Solange aliletwa mgongoni kwa mama yake akiwa na miaka saba. Walitoka vilima vya Masisi, kijiji chao kikiwa kimechomwa, wakawa wanaishi kambini magharibi mwa mji chini ya hema la plastiki. Bomu lilimkuta shambani kwenye viazi, likamchukua mguu wa kulia chini ya goti. Muzee alimtengenezea mguu kwa siku nne, na yeye akakataa kuuvaa kwa siku tatu. Tulidhani unamuuma. Mama yake alipombembeleza sana ndipo akasema wayo ule hauna vidole. Kweli, nyayo za watoto tulizopata zilikuwa bapa kama kibao cha mkate. Muzee hakucheka. Alichukua kisu, akakipasha moto, akachora vidole vitano kwenye mpira, akaweka mpaka kucha. Solange alivitazama, akauliza kwa nini kile kidogo kimekaa mbali na vingine. Akarekebishiwa. Siku hiyo alitembea kutoka benchi hadi mlangoni.

Tangu hapo alikuwa wa karakana. Alikuja na mama yake kurekebishiwa mikanda, akakaa chini ya meza yangu akinisomea kwa sauti majina ya daftarini, alipoanza shule ya kambini. Alipofika miaka tisa Muzee aliongeza kipande cha bomba. Alipofika kumi na moja bomba halikusaidia tena. Kikombe kilimbana mpaka kigutu kikatoka vidonda, na alitembea ameinama upande mmoja. Alihitaji mguu mpya wote, na wayo mkubwa zaidi, na sisi hatukuwa na wayo hata mmoja. Waliotuuzia ng'ambo walikataa kutuma mwingine mpaka walipwe. Hatukuwa na cha kuwalipa mpaka serikali itulipe.

Ndipo ikaja barua. Ilikuwa na kichwa cha wizara, ikasema malipo ya miguu arobaini na mmoja yamesainiwa na yatafika katika majuma mawili. Nilimsomea Muzee mara tatu.

"Soma tena pale panasema imesainiwa."

"Imesainiwa, Muzee. Mukubwa mwenyewe. Angalia mhuri."

"Ni kweli, mama?"

"Safari hii ni kweli," nilisema.

Mimi ndiye niliyesema. Muzee alikuwa mtu wa kuishuku serikali hata inaposema leo ni Jumatatu, na mimi, niliyesoma, niliyejua barua, nilimwambia ni kweli. Alikwenda kununua sambaza bila kumgombeza mtu kwanza.

Siku chache baadaye aliletwa mtoto wa kiume wa miaka mitano, kutoka kambi ile ile, amekatwa karibu na goti. Wayo uliomfaa ulikuwa mmoja tu mjini kwetu, nao ulikuwa kwenye mguu wa Solange. Muzee hakuunyang'anya; alimwita Solange na mama yake akawaeleza. Mguu ule ulikuwa unamuumiza, mpya ungekuja baada ya majuma mawili, na mtoto yule angeweza kutembea kesho. Akamwuliza Solange mwenyewe, kama mtu anayemwuliza mwenye mali.

Solange alifikiri. "Papa, ile mupya itakuwa na bidole?"

"Itakuwa nabyo. Utaonyesha weye mwenyewe byenye unataka."

"Na majuma mbili, ni siku ngapi?"

"Kumi na ine."

Akakubali. Akaufungua mguu mwenyewe, mkanda baada ya mkanda, akampa Muzee. Mimi nilikuwa nimeshika kopo la skrubu. Muzee alifungua wayo wenye vidole, akaufunga kwenye mguu mdogo, kisha akaniambia niandike daftarini kama ilivyo: namba fulani imetoka kwa Solange, imekwenda kwa mtoto fulani, na Solange hana mguu, anangoja. Watoto wawili wengine walikwisha kurithi nyayo kwa njia hiyo, na waliokuwa nazo kwanza wote waliandikwa wazi. Solange aliondoka na magongo mawili.

Siku ya kumi na nne alikuja. Ya kumi na tano akaja. Baada ya hapo alikuwa anakuja kila Jumatatu, kutoka kambini mpaka Murara, kwa magongo, juu ya mawe yale. Muzee alimwambia "juma ijayo" na kwa mara ya kwanza niliona uongo wa mdomo unamwia mgumu. Mwishowe mama yake alimkataza asimsumbue Muzee. Kutokuja kwake kulituumiza kuliko kuja.

Mwezi wa nne serikali ilikuja kweli. Haikuleta pesa, ilileta wakaguzi wawili wenye viatu safi. Walitaka kuhakikisha miguu kabla ya malipo kutoka. Walikaa kwenye meza yangu wakafungua daftari, na baada ya saa moja mmoja akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Hapa numero moya, batoto babili. Na hapa. Na hapa. Muguu moya munalipisha mara mbili?"

"Mutoto anakomalaka, musie," Muzee alisema. "Muguu haikomalake."

Aliwaeleza polepole, akawaletea mtoto wa miaka mitano, akawaonyesha vidole vilivyochorwa kwa kisu na namba chini yake. Walitikisa kichwa. Mkataba ulisema mguu mmoja, mtu mmoja. Waliandika neno udanganyifu, na kwa sababu ya miguu mitatu wakasimamisha yote arobaini na mmoja.

Mmoja wao alirudi peke yake, kuchukua kalamu aliyosahau, alisema. Hakuwa mtu mbaya. "Papa, tunaweza kupanga ile mambo. Mama aandike tena zile karatasi tatu, aweke kila numero ku mwenye aliipata ya kwanza, na bale batoto bengine tubaondoshe. Dosie itapita. Na miye mutanikumbuka kidogo." Akaenda kungoja nje.

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nilimsihi Muzee. Nilimwambia ni karatasi tatu tu, dakika kumi, na nyayo zitakuja, na Solange atatembea. Nilimwambia vibaya pia, kwamba anapenda daftari lake kuliko watoto. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mutoto wangu, ukiandika kama Solange ako na ile muguu, ku serikali Solange amekwisha kupata. Kesho utamuombea ingine namna gani? Mutu haombeake muguu mutoto mwenye kuwa na muguu."

"Muzee, hata sasa hana."

"Hana. Na tumeandika kama hana. Ile tu njo amebakia nayo."

Alitoka akamwambia mkaguzi aende salama. Nilimkasirikia kwa miezi. Kuna siku bado namkasirikia, ninapopanga madebe ya unga sokoni na akili inaanza kuhesabu kile ambacho dakika kumi zile zingeleta. Kisha nakumbuka kwamba mtu aliyesema "safari hii ni kweli" hakuwa yeye.

Baada ya hapo vita vikashuka mjini. Sitavieleza, waliokuwepo wanavijua. Bunduki zilipotulia mji ulikuwa na wakubwa wengine, banki zimefungwa, na watu wa kambi wakaambiwa warudi kwao. Nilikwenda Murara siku ya tano. Walikuwa wameng'oa mabati, mabomba, hata benchi. Maumbo ya plasta hawakuyataka, waliyatupa barabarani, na miguu myeupe ya watu ninaowajua ilikuwa imelala juu ya mawe meusi, moto zinapita juu yake. Niliokota daftari kwenye tope. Shirika letu liliishia hapo, bila hata mkutano.

Sasa nauza unga wa muhogo sokoni. Huko ndiko nilikokutana na mama yake Solange, ameshuka kutoka vilimani na gunia la viazi. Tulishikana mikono tukaulizana habari za watoto. Aliniambia gongo moja lilivunjika njiani walipokuwa wanarudi, na lile jingine linazama kwenye udongo wa kule mvua ikinyesha.

"Sasa anafanya namna gani?" niliuliza.

"Anatambala," alisema. "Anangojaka benzake baende ku masomo, njo anatoka inje. Hapendi bamuone."

Ana miaka kumi na tatu. Nilivinunua viazi vile vyote, na sikuwa na haja ya viazi.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda Katoyi kumwona Muzee. Nilikuwa nimesikia anaumwa, presha, na moyo umechoka. Mke wake alinipokea akaniingiza chumbani. Alikuwa amekaa kitandani amejifunika blanketi mabegani, mikono imekonda, ile mikono iliyokuwa inakunja plastiki ya moto. Alifurahi kuniona. Tuliongea habari za unga, za mafundi, mmoja amekimbilia ng'ambo ya mpaka na mwingine anaendesha moto. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Balilipa."

"Nani, Muzee?"

"Serikali. Yule mukubwa wa Himbi alinipigia simu, ako Kinshasa sasa. Baliondosha zile tatu, balilipa zote zingine. Ziko mu banki."

Tulitazamana. Banki ile ilikuwa na kufuli tangu bunduki, na kwenye ngazi zake akina mama walikuwa wanauza nyanya. Miguu thelathini na minane imelipwa, na hakuna mtu wa kuigusa senti yake, wala karakana ya kuipeleka. Muzee alianza kucheka, kikohozi kikamkatiza. Nilimpa maji. Nililia hapo, sikuona haya, na yeye akaniacha nilie.

Nilipotulia aliweka kikombe chini. "Na Solange? Nasikia ulionana na mama yake ku soko."

Nilikuwa nimejiandaa tangu nyumbani. Nilijua alivyokuwa mgonjwa. Nilijua pia kwamba katika maisha yake alishawaambia watu wengi mambo ya kuwatuliza, na niliona sasa ni zamu yake kutulizwa.

"Anatembea, Muzee," nilisema. "Anaendelea muzuri. Anatembea."

Alinitazama usoni. Hakukasirika. Aliuliza kama alivyokuwa akituuliza vipimo karakanani, taratibu, akitaka kujua, kisha akangoja nimjibu.

"Kwa muguu gani?"